Macho Yatazamayo Chini: Uhakiki wa Ufafanuzi wa Martin Luther juu ya Wimbo wa Mariamu

1. Utangulizi

Wimbo wa Mariamu, kama tulivyoupokea katika Luka 1:46-55, ni miongoni mwa maneno ya Agano Jipya yanayoimbwa mara nyingi katika ibada ya Kanisa. Tangu zamani umekuwa sehemu ya sala ya jioni katika Kanisa la Magharibi, na Matengenezo ya karne ya 16 hayakuuondoa mahali pake. Sisi Walutheri tunausoma hasa siku za Majilio, na wengi wetu tumeuhubiri. Lakini jambo liimbwalo mara nyingi laweza kusikiwa mara chache. Makala hii inakusudia kuuliza kama wimbo huu bado unasikiwa katika mimbari zetu, na kufanya hivyo kwa kukihakiki kitabu kimoja ambacho kila mhubiri wa Kilutheri angefaa kukirudia: ufafanuzi wa wimbo huo alioandika Martin Luther, uliochapishwa Wittenberg mwaka 1521.

Yako mahubiri ya namna mbili yanayosikika sana juu ya fungu hili. Namna ya kwanza humsifu Mariamu kwa unyenyekevu wake, kisha huwaagiza wasikilizaji wawe wanyenyekevu kama yeye ili Mungu awainue nao. Namna ya pili humfanya Mariamu kuwa mfano wa mtu aliyeanza chini akafika juu: msichana wa kijijini amekuwa mama wa Mfalme, na wewe msikilizaji, subiri, zamu yako yaja. Mahubiri haya yanaonekana kutofautiana, lakini kosa lao ni moja. Yote mawili yanauhesabu unyonge kuwa ni mtaji. Kwa yale ya kwanza ni mtaji wa tabia njema. Kwa yale ya pili ni mtaji wa subira. Katika yote mawili Mungu anakuwa mlipaji, na wimbo wa sifa unageuka kuwa hati ya madai.

Hoja yetu ni hii. Luther aliliona kosa la kwanza, akalivunja kwa nguvu ambayo haijapitwa na mwalimu yeyote wa Kanisa letu. Ametupa pia silaha ya kulivunja kosa la pili. Lakini katika sehemu ya mwisho ya kitabu chake alirudi nyuma hatua moja, na hatua hiyo imewagharimu wengine kuliko ilivyomgharimu yeye. Kwa hiyo inatupasa kumsoma kwa shukrani, na pia kumsoma kwa kumpinga kwa maneno yake mwenyewe.

2. Neno "unyonge"

Uzito wote wa suala hili umo katika neno moja la aya ya 48. Kiyunani kinasema tapeinosis. Biblia ya Kilatini iliyotumika katika Kanisa la Magharibi kwa karne nyingi iliweka humilitas, neno ambalo laweza kumaanisha hali duni na laweza pia kumaanisha wema wa moyo usiojivuna. Watawa na walimu wengi wa Zama za Kati walichukua maana ya pili. Mungu, walisema, alimtazama Mariamu kwa kuwa aliuona unyenyekevu wake. Na kwa kuwa hakuna mwanadamu aliyekuwa mnyenyekevu kama yeye, yeye ndiye aliyestahili.

Luther alikataa. Alieleza kwamba neno la Luka halitaji wema wowote, bali hali ya mtu asiyehesabiwa: maskini, mgonjwa, mwenye njaa, aliyefungwa, anayedharauliwa. Kwa Kijerumani chake alichagua neno lenye maana ya kuwa si kitu. Mariamu hasemi kwamba Mungu ameuona unyenyekevu wake. Anasema kwamba Mungu amemtazama ijapokuwa hakuwa na lolote la kutazamwa.

Maandiko yanamuunga mkono Luther. Agano Jipya linapotaka kuutaja unyenyekevu kama tabia ya moyo, linalo neno jingine, tapeinophrosyne, kama tuonavyo katika Matendo 20:19 na Wafilipi 2:3. Kilatini kilitumia humilitas kwa yote mawili, na hapo ndipo tofauti ilipopotea. Zaidi ya hayo, tafsiri ya Kiyunani ya Agano la Kale inalitumia neno hili hili la tapeinosis kwa wanawake watatu waliotangulia. Hajiri, mjakazi Mmisri aliyekimbilia jangwani, anaambiwa kwamba Bwana ameisikia tapeinosis yake (Mwanzo 16:11). Lea, mke asiyependwa, anasema vivyo hivyo anapomzaa Reubeni (Mwanzo 29:32). Hana, tasa aliyechokozwa na mke mwenzake, anamwomba Mungu aitazame tapeinosis ya mjakazi wake (1 Samweli 1:11). Katika aya hizo tatu Kiebrania kinataja mateso. Hakuna hata mmoja wao anayejisifia unyenyekevu. Hajiri amefukuzwa kwa ukali, Lea amedharauliwa, Hana analia hekaluni hata kuhani anamdhania amelewa. Mariamu anachukua maneno ya Hana karibu kama yalivyo, na kwa kufanya hivyo anajiweka katika safu ya wanawake hao. Mtu asomaye "unyenyekevu" katika Luka 1:48 anamtoa Mariamu katika safu hiyo na kumweka peke yake juu ya kinara.

Hapa sisi wasomaji wa Kiswahili tumebarikiwa. Watafsiri wa Biblia ya Muungano, ile iliyotolewa mwaka 1952, waliandika "unyonge", wala hawakuandika "unyenyekevu". Na katika aya ya 52, wale wanaokwezwa wanaitwa "wanyonge". Basi Mkristo wa kawaida asomaye Kiswahili amewekewa mezani kile ambacho Luther alilazimika kukipigania dhidi ya Kilatini. Ni ajabu, tena ni aibu, kwamba mhubiri anaisoma aya yenye neno "unyonge", anafunga Biblia, kisha anahubiri dakika ishirini juu ya unyenyekevu.

Neno la pili nalo lina uzito wake. Mariamu anajiita doule, na Biblia yetu inasema "mjakazi". Katika Kiswahili cha pwani neno hili halikuwa neno la heshima wala la mfano tu. Mjakazi alikuwa mtumwa wa kike, aliyenunuliwa na kuuzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria visiwani mwaka 1897. Katika nchi zetu neno hili lilipoingia katika Biblia, lilikuwa bado lina kumbukumbu ya nyuso na majina. Tumelizoea mno hata tunalisikia kama pambo la maombi. Luka hakuliweka kama pambo.

3. Luther na Mariamu wa jikoni

Sasa tukitazame kitabu chenyewe. Luther alikianza mwishoni mwa mwaka 1520, katika miezi ile ambayo mwandishi mwingine asingeandika neno. Tarehe 10 Desemba alikuwa ameichoma hati ya Papa iliyomtishia. Tarehe 3 Januari 1521 alitengwa na Kanisa la Rumi. Tarehe 10 Machi aliandika barua ya kukiweka kitabu wakfu kwa Yohane Frederiki, mwana wa nyumba ya watawala wa Saxony, kijana wa miaka 17. Mwezi wa Aprili kazi ilikatizwa na safari ya Worms, mbele ya Kaisari na Baraza la Dola. Sehemu iliyobaki aliimaliza mafichoni katika ngome ya Wartburg. Ni kitabu cha mtu aliyekuwa akijifunza mwenyewe maana ya kuangushwa, akimwandikia kijana aliyezaliwa apate kuketi juu.

Moyo wa kitabu ni fundisho juu ya macho ya Mungu. Wanadamu, asema Luther, hutazama juu: kwenye heshima, mamlaka, mali, elimu na maisha mema. Walio na vitu hivyo wana marafiki wengi na wafuasi tayari. Chini, mahali pa umaskini, aibu na dhiki, hakuna atakaye kutazama. Kila mtu hugeuza uso. Mungu hutazama kinyume. Juu yake hakuna kitu, wala hakuna aliye sawa naye. Kwa hiyo akitazama, hana budi kutazama chini ya nafsi yake, na kadiri mtu alivyo chini ndivyo anavyoonwa zaidi. Luther analiunganisha jambo hili na uumbaji wenyewe: Mungu yule yule aliyeziumba mbingu na nchi pasipo kitu, bado anafanya kazi kwa namna ile ile, akikifanya kisicho kitu kuwa kitu. Msomaji mwangalifu atatambua hapa sauti ya Heidelberg mwaka 1518, ambako Luther alifundisha katika tasnifu yake ya 28 kwamba upendo wa Mungu haukikuti kile unachokipenda, bali unakiumba.

Kwa sababu hiyo Luther anaonya kwamba mkazo wa aya ya 48 hauko kwenye unyonge. Uko kwenye kutazamwa. Maneno haya tuyashike, maana tutayahitaji baadaye. Kwa mfano wa kila siku: mtu akiingia katika nyumba duni usiku na taa, hausifiwi udongo wa ukuta kwa sababu taa imeumulika. Mariamu hausifu unyonge wake. Anausifu mtazamo uliomfikia mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama.

Kisha Luther anafanya jambo ambalo wahubiri wake wanaomfuata hawalifanyi: anamrudisha Mariamu jikoni. Binti za wakuu wa makuhani, Anasi na Kayafa, walikuwapo Yerusalemu, wenye mali na mavazi na jina. Mungu akawapita, akamwendea binti wa mji usio na sifa. Na baada ya malaika kuondoka, asema Luther, binti huyu hakudai heshima mpya. Alirudi kwenye kazi zake: kukamua ng'ombe, kupika, kuosha vyombo, kufagia nyumba, kama msichana wa kazi au mama wa nyumbani afanyavyo, wala hakuna jirani aliyemwona kuwa mkubwa kuliko jana.

Mhakiki anaweza kulalamika kwamba ng'ombe hao na vyombo hivyo havimo katika Luka. Ni kweli. Luka hatuelezi lolote juu ya wazazi wa Mariamu, na jamaa yake Elisabeti alikuwa wa uzao wa Haruni (1:5, 36), jambo linalotuzuia kusema kwa hakika kwamba ukoo wake ulikuwa wa mwisho kabisa. Luther amechora Mariamu wa Saxony. Hata hivyo, mchoro wake haukosi msingi. Nazareti hautajwi hata mara moja katika Agano la Kale, na Nathanaeli anaushangaa mji huo kama mahali pasipotazamiwa jema (Yohana 1:46). Wazazi wa Yesu walipokwenda hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili (Luka 2:24), ambayo Walawi 12:8 inaiagiza kwa mama asiyeweza kupata mwana-kondoo. Umaskini wa nyumba hii umeandikwa na Luka mwenyewe, kwa lugha ya sheria, bila kuupamba.

Kuhusu unyenyekevu wa kweli, Luther ana neno linalochoma hata leo. Anasema kwamba mnyenyekevu wa kweli hajijui kuwa ni mnyenyekevu. Akianza kujijua, tayari amekuwa na kiburi. Anawataja watu wavaao nguo duni, wainamishao nyuso, watafutao mahali pa chini ili waonekane wakiwa mahali pa chini, huku macho yao yakiendelea kutazama juu. Sisi tulio katika utumishi tunalijua jambo hili. Ipo lugha ya kichungaji ya kujiita "mimi mtumishi wenu asiyefaa" ambayo haipendi kabisa kuaminiwa na wasikilizaji.

4. Hatua ya kurudi nyuma

Tukifika aya ya 52 na ya 53, mambo yanakuwa magumu zaidi. Wakuu wanaangushwa katika viti vyao, wanyonge wanakwezwa, wenye njaa wanashibishwa, matajiri wanaondoka mikono mitupu. Luther anaanza vizuri. Anasema wazi kwamba wanyonge wa aya hii si watu wenye tabia ya unyenyekevu, bali wote walio duni na wasio kitu machoni pa ulimwengu. Ni neno lile lile ambalo Mariamu amelitumia juu yake mwenyewe. Anaongeza kwamba Mariamu hakusema kwamba Mungu huvivunja viti vya enzi, bali huwaangusha waketio. Maana maadamu dunia ipo, mamlaka haina budi kuwapo, lakini Mungu hawavumilii kwa muda mrefu wanaoitumia kwa dhuluma. Wala, asema, Mariamu hakusema kwamba Mungu huwaacha wanyonge katika unyonge wao. Haya yote yangetosha.

Lakini Luther haishii hapo. Anasogea polepole kutoka kwa walio duni kwenda kwa walio radhi kuwa duni. Wanyonge wa kweli wanakuwa wale wasiotamani ukubwa. Wenye njaa hawawi tena watu wasio na chakula, bali wale wanaokubali kwa hiari kupungukiwa, hasa kwa ajili ya Mungu na kweli yake. Hapo ndipo tunapopaswa kumsimamisha. Katika aya ya 48 alikataa kwa nguvu kwamba mtazamo wa Mungu ungojee wema wowote ndani ya Mariamu. Katika aya ya 53 wema umerudi: njaa isiyokubaliwa kwa hiari haihesabiwi. Alichokiondoa kwa mkono wa kuume amekirudisha kwa mkono wa kushoto. Mama ambaye watoto wake wamelala bila kula, naye hakukubali kwa hiari bali analia na kunung'unika, yumo katika wimbo au hayumo? Hana alilia na kuugua, naye yumo.

Ni haki kumsikiliza Luther kabla ya kumhukumu. Aliogopa jambo la kweli. Maskini naye aweza kuwa na choyo. Aliyeonewa jana aweza kuwa mwonevu kesho. Kama umaskini wenyewe unaokoa, basi tumebadilisha tu aina ya stahili, na injili imekuwa sheria mpya. Hofu hii si ndogo, na mtu ambaye hajaiona hajaisoma historia. Lakini dawa ya hofu hii Luther alikuwa ameshaitoa mwenyewe: mkazo uko kwenye kutazamwa. Umaskini si stahili, na unyenyekevu wa maskini si stahili pia. Mungu huwashibisha wenye njaa kwa sababu wana njaa na kwa sababu yeye ni Mungu. Kama Luther angebaki na fundisho lake la kwanza hadi mwisho wa wimbo, asingehitaji kuuliza kama mwenye njaa ana moyo unaofaa.

Gharama ya hatua hii ilionekana upesi. Mwaka 1524 Thomas Müntzer naye alitoa maandishi yanayoifafanua sura ya kwanza ya Luka, akiyaelekeza dhidi ya watawala na dhidi ya wanatheolojia wa Wittenberg. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani waliinuka. Mwanzoni Luther aliwaambia watawala kwa ukali kwamba wao wenyewe, kwa unyonyaji wao, ndio waliousababisha msukosuko; lakini mwezi wa Mei aliandika dhidi ya wakulima kwa maneno ambayo hakuna Mlutheri anayeweza kuyasoma bila kuona haya. Wakulima walichinjwa Frankenhausen, na Müntzer akauawa. Hatusemi kwamba kurasa chache za mwaka 1521 zilileta mauaji ya mwaka 1525. Müntzer alikosea alipochukua upanga mkononi mwa Mungu na kuutia mkononi mwake. Lakini mtu aliyekwisha kujizoeza kusoma "wenye njaa" kuwa ni "walioridhika na njaa" anakuwa na udhuru tayari siku ambayo wenye njaa wasioridhika watakapobisha mlangoni.

Hata hivyo, historia ilihifadhi ufafanuzi mwingine wa aya ya 52, ambao Luther hakuishi kuuona. Yule kijana aliyeandikiwa kitabu akawa mtawala wa Saxony mwaka 1532, mmoja wa wakuu wenye haki ya kumchagua Kaisari. Mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya Luther kufa, alishindwa vitani Mühlberg na Kaisari Karolo wa Tano, akatekwa, akanyang'anywa cheo chake na sehemu kubwa ya nchi yake. Alibaki kifungoni hadi mwaka 1552. Alipotakiwa mwaka 1548 kuikubali amri ya Kaisari juu ya mambo ya dini, alikataa, ingawa kukubali kungemrahisishia mambo. Mkuu aliyefundishwa katika ujana wake kwamba Mungu hutazama chini alifika chini, na huko ndiko imani yake ilikoonekana kwa uwazi kuliko alipokuwa juu. Mtu asifanye haraka kusema kwamba Mungu alimwangusha kwa dhambi fulani. Wala mimi sisemi hivyo. Nasema tu kwamba kitabu kilifika kwa msomaji wake.

5. Mimbari zetu

Mahubiri ya namna ya pili, yale ya aliyeanza chini akafika juu, Luther hakuyajua kwa sura yake ya leo, lakini tumekwisha kuona kwamba jibu analo. Kama mkazo uko kwenye kutazamwa, basi unyonge si ngazi. Mariamu hakupanda. Baada ya wimbo wake alirudi nyumbani (Luka 1:56). Baadaye akazaa mahali pa mifugo, akaambiwa na Simeoni juu ya upanga utakaoingia nafsini mwake, na mwishowe akasimama karibu na msalaba. Mtu akiuhubiri wimbo huu kama ahadi ya kupandishwa cheo, na amwonyeshe msikilizaji ni sura gani ya Injili ambamo Mariamu alipandishwa. Mungu aliyemtazama hakumwondoa miongoni mwa walio chini. Alishuka akawa mmoja wao. Hii ndiyo theolojia ya msalaba, nayo haiwezi kuungana na shuhuda zinazomhesabu Mungu kuwa amefanya kazi pale tu gari linapopatikana.

Hata maisha ya Luther tumeyatia katika mkumbo huu. Tunapenda kusimulia juu ya mtoto wa maskini aliyelitikisa Kanisa. Ukweli ni wa wastani zaidi. Baba yake, Hans, alitoka katika jamaa ya wakulima, akaingia katika kazi ya madini huko Mansfeld, akafanikiwa kiasi cha kumpeleka mwanawe Chuo Kikuu cha Erfurt mwaka 1501 kwa tumaini kwamba atakuwa mwanasheria. Si aibu kusema hivyo. Neema haihitaji tuuongeze umaskini wa mtu ili ionekane kubwa.

Kwa upande mwingine, wako ambao kweli hawatazamwi, na hapa uhakiki unatugeukia sisi. Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta tayari kikundi cha Wahaya waliokuwa wamelipokea Neno kutoka upande wa Buganda, wakikutana kusoma na kuomba bila mchungaji. Lakini wanafunzi wetu wakiulizwa nani aliyeleta Injili, mara nyingi hutaja meli na chama cha misheni kwanza. Tumeandika historia ya Kanisa kwa macho yatazamayo juu. Wainjilisti waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, wanawake waliowafundisha watoto nyimbo, wakalimani ambao bila wao hakuna mahubiri yangeeleweka: hao tunawataja kwa wingi wao, si kwa majina yao. Luka alipoandika, alitaja jina la mjakazi.

Na tutazame ibada ya Jumapili. Katika sharika nyingi za mijini wako wasichana wa kazi waliotoka vijijini, ambao huja kanisani wakiwa wamewabeba watoto wa wengine, wakaketi nyuma karibu na mlango ili mtoto akilia watoke upesi. Wimbo wa Mariamu ukisomwa, ni nani humo ndani aliye karibu zaidi na mwimbaji? Kwa umri, kwa kazi za mikono, kwa kutoka mahali pasipotajwa, kwa neno lenyewe la "mjakazi", ni yeye. Lakini mahubiri yanaelekezwa kwa mwajiri wake aketiye mbele, kumwambia awe mnyenyekevu. Msichana anasikia kwamba unyenyekevu ni jambo jema, jambo ambalo ameambiwa wiki nzima kwa sauti nyingine. Hajasikia kwamba Mungu amemtazama. Wala mwajiri hajasikia kwamba mshahara wa miezi mitatu ambao hajaulipa umetazamwa pia. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mahubiri ambayo hayafiki hata mahali ambapo methali imefika hayajafika kwenye Injili.

Tena sisi Walutheri tuna sababu yetu ya pekee ya kumpita Mariamu haraka. Kwa kuogopa kumwabudu, tumeacha kumsikiliza. Luther hakuwa na hofu hiyo. Aliondoa kila sifa iliyomfanya Mariamu kuwa chemchemi ya neema, na kwa kufanya hivyo alimpa heshima kubwa zaidi: kuwa mahali ambapo neema inaonekana kuwa neema. Kumnyamazisha binti wa Nazareti kwa jina la kweli ya Kiprotestanti ni kumfanyia tena kile ambacho wakuu wa Yerusalemu walimfanyia.

6. Hitimisho

Ufafanuzi wa mwaka 1521 unabaki kuwa mwalimu wetu katika jambo lililo kuu: Mungu hatafuti chini ya unyonge kitu kizuri kilichofichika ambacho wengine hawajakiona. Hutazama pasipo na kitu, na mtazamo wake ndio unaokifanya kitu. Fundisho hili ni kuhesabiwa haki kwa imani kukisemwa kwa lugha ya jikoni, na mhubiri akilishika atakuwa huru na mahubiri ya stahili na mahubiri ya ngazi kwa pamoja.

Lakini ufafanuzi huo tusiufuate pale unapowadai wenye njaa waipende njaa yao. Hapo na tumwache Luther wa aya ya 53 asahihishwe na Luther wa aya ya 48. Wenye njaa wa Mariamu wana njaa. Wanyonge wake ni wanyonge. Mhubiri anayejiandaa kwa Majilio na asome aya hizo mara mbili mezani pake: mara ya kwanza kama mtu aketiye mbele, na mara ya pili kama mtu aketiye karibu na mlango akiwa na mtoto asiye wake mgongoni. Kama mahubiri yake yanaweza kusemwa kwa wote wawili bila kumwongopea mmoja wao, na aende mimbarani. Kama hayawezi, bado hajamaliza kazi.